Siku Tisini katika Nchi ya Uyakini

Zahoro Shekilindi alikuwa fundi wa mizani, mtu wa Muheza, umri wake miaka thelathini na sita. Alikuwa amezunguka nchi nyingi akirekebisha mizani za masoko na za maghala, lakini kabla ya kufika Uyakini hakuwahi kuona watu wanaolowa mvua kwa kutii sheria.

Ilikuwa asubuhi yake ya kwanza huko. Redio ya serikali ilikuwa imetangaza jua. Ilipofika saa nne mvua ikamwagika, na watu wa mji mkuu wakaendelea kutembea polepole, wakijifuta nyuso kama waliotoka jasho. Zahoro akakimbilia barazani kwenye duka la vitambaa. Mwenye duka akamtazama kwa huruma na kumwambia, "Mgeni, siku iliyotangazwa jua hatujifichi. Anayejificha anatia shaka, na kutia shaka ni kosa."

Ndivyo nchi ilivyokuwa. Sheria yao ya kwanza ilisema kwamba kila raia awe na hakika wakati wote. Maneno manne yalikatazwa kutamkwa hadharani: labda, huenda, sijui, na bado. Hilo la mwisho ndilo lililochukiwa kupita yote, kwa kuwa walisema humwacha mtu katikati, hajulikani yuko wapi. Mpishi akiulizwa kama chakula kimeiva alitakiwa kujibu ndiyo au hapana papo hapo, na kwa kuwa hakuna mpishi apendaye kusema hapana mbele ya wageni, wali wa Uyakini mara nyingi uliliwa haujaiva.

Mizani zao ndizo zilizomleta Zahoro. Wafanyabiashara wa nchi jirani walikuwa wamekataa kununua chochote kilichopimwa Uyakini, na serikali ikalazimika kuita fundi wa nje. Alipozifungua akakuta kila moja imetiwa kikomeo cha chuma nyuma ya uso wake. Mzigo ukiwekwa, mshale uliruka mara moja, kikomeo kikaudaka hapo hapo uliporukia. Mshale unaoyumba ulihesabiwa kuwa aibu. Kwa hiyo Uyakini nzima ilikuwa ikipima kwa mruko wa kwanza.

Zahoro angecheka, lakini siku hizo kicheko kilikuwa kimemkauka. Siku kumi na mbili nyuma, akiwa katika mji mmoja wa machimbo alikokwenda kikazi, alilala na mwanamke aliyemfahamu kwa siku mbili tu. Kondomu ilipasuka. Waligundua baadaye, wakatazamana, kila mmoja akavaa nguo zake. Asubuhi mwanamke alikuwa ameshaondoka na gari la mizigo, na Zahoro hakujua hata jina la ukoo wake. Badala ya kurudi Muheza kwa mkewe Mwanakombo, alipokea kazi ya Uyakini bila kuuliza itachukua muda gani. Alichotaka ni kuwa mbali na nyumbani mpaka ajue.

Uyakini kulikuwa na zahanati maalumu walizoziita Nyumba za Majibu. Mtu aliingia, akatobolewa kidole, na baada ya muda mfupi alitoka na cheti kuhusu virusi vya UKIMWI: cha kijani kwa asiye navyo, cha kahawia kwa aliye navyo. Cheti kilikuwa cha kudumu. Sheria haikuruhusu kuulizwa mara ya pili jambo lililokwisha kujibiwa.

Zahoro aliingia katika Nyumba ya Majibu iliyokuwa karibu na soko. Muuguzi wa zamu aliitwa Lukia, mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kitepe cha kupimia, wakasubiri. Ukatokea mstari mmoja.

"Mmoja maana yake hakuna kilichoonekana," Lukia alisema, akaanza kujaza cheti cha kijani. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Jambo lenyewe lilitokea lini?"

"Siku kumi na mbili zilizopita, sista."

Kalamu ikasimama. Lukia aliinuka, akafunga mlango, akarudi na kuketi karibu naye.

"Kaka yangu, cheti nitakupa, maana nisipokupa nitaulizwa. Ila nisikilize. Kitepe hiki hakivitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kinga ambazo mwili hutengeneza baada ya kuvigundua. Mwili unahitaji wiki kadhaa kuzitengeneza. Kwa watu wengi huonekana ndani ya mwezi mmoja, wachache huchelewa zaidi. Ukipima baada ya miezi mitatu, na katikati hapo hujajiingiza tena hatarini, basi hilo ndilo jibu. Leo," akashusha sauti, "leo ni bado."

"Kwa hiyo ninavyo?" Zahoro aliuliza.

"Sikusema hivyo. Wala sikusema huna. Ungefika ndani ya siku tatu za kwanza ningekupa dawa za kukinga. Sasa muda wake umepita. Subiri, na kama una mke usimguse bila kondomu."

Alitoka na cheti cha kijani mfukoni, na tangu saa ile akawa mtu wa kujichunguza. Akiwa kazini alijipapasa shingo kutafuta tezi. Alitoa ulimi mbele ya kioo cha kinyozi. Upele wa joto mgongoni ukawa ushahidi, kikohozi cha vumbi la sokoni kikawa ushahidi, na siku asiyokuwa na dalili yoyote aliogopa zaidi, kwani aliwahi kusikia kwamba wengi hawapati dalili. Cheti alikitoa na kukisoma mara kadhaa kwa siku. Kilimtuliza kwa dakika chache, halafu akakumbuka neno la Lukia.

Siku ya kumi na saba tangu usiku ule wa machimboni alishindwa kuvumilia. Akaenda Nyumba ya Majibu ya upande wa pili wa mji na kuomba kupimwa.

"Unacho cheti," mpimaji alimwambia alipoona jina lake katika daftari la vyeti vya mji mzima. "Kwa nini unauliza kilichojibiwa?"

"Yule sista wa kule sokoni aliniambia ni bado."

Lilimtoka tu. Aliona uso wa mpimaji ukibadilika, akaelewa amefanya nini, lakini neno lilikuwa limeshaandikwa.

Siku tatu baadaye Lukia alifikishwa mbele ya Baraza la Hakika, na Zahoro akaitwa kuwa shahidi.

Ukumbi ulijaa watu. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Mthibitishaji Mkuu, Bwana Ngwilizi, mtu mwenye adabu sana, ambaye inasemekana hakuwahi kubadili mawazo tangu alipokuwa na miaka tisa. Kwenye meza ndogo chini yake aliketi karani wa Baraza, msichana mrefu aitwaye Zuhena, akiandika kila lililosemwa. Uyakini nzima ilikuwa na karani mmoja tu wa mashauri, kwani walikuwa na hakika kwamba mmoja anatosha.

"Kipimo hiki," alianza Ngwilizi, "wataalamu wetu wanasema hukosea mara chache mno. Katika watu mia, hupatia karibu wote. Muuguzi Lukia, wewe ni nani hata ukisahihishe?"

"Sikukisahihisha, Mheshimiwa. Kipimo ni kizuri. Nilisema kiliulizwa mapema."

"Kizuri mapema, kizuri baadaye. Au ubora wake una saa za kazi?"

Watu wakacheka. Mjumbe mmoja akasimama na kupendekeza kwamba kama tatizo ni muda, basi itungwe sheria ya kuyaamuru magonjwa yote yajitokeze ndani ya siku saba. Pendekezo likapokelewa vizuri. Mwingine akataka kila raia apimwe kila asubuhi maisha yake yote, ili pasiwepo saa ya mashaka. Ngwilizi akamshukuru, ila akamkumbusha kwamba mtu anayepima kila asubuhi ni mtu asiyeamini cha jana, na hilo ni kosa. Wakabishana hapo kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwuliza Lukia chochote zaidi.

Mwishowe Ngwilizi akamgeukia Zahoro. "Fundi, wewe ni mgeni wetu, hatutaki kukuaibisha. Jibu neno moja tu. Baada ya kupewa cheti, ulikuwa na amani? Ukisema ndiyo, tutajua muuguzi alisema upuuzi usiomwingia mtu, aondolewe kazini, nawe urudi kwenye mizani zako. Ukisema hapana, itabidi utueleze hofu yako ilitoka wapi. Yote, mbele ya hawa."

Zahoro aliwatazama watu. Kulikuwa na wafanyabiashara wa kwao mle ndani, wawili aliowafahamu kwa sura, watu wanaopita Muheza kila mwezi. Alimtazama Lukia, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake imeshikana mapajani. Alijua kwamba mama yule asingekuwa pale kama yeye angejua kufunga mdomo.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema. "Sikuwa na amani."

Akaeleza. Alitaja mji wa machimbo, mwanamke ambaye yeye hakulijua jina lake la ukoo, kondomu iliyopasuka, na Mwanakombo anayemngoja nyumbani. Alipofika mahali pa Mwanakombo akanywa maji, akaendelea. Kisha akaomba aletewe mizani ya sokoni na jiwe la kilo moja.

Aliliweka jiwe. Mshale ukaruka, kikomeo kikaudaka: kilo moja na nusu.

"Hili ni jiwe lenu wenyewe la kilo moja," alisema. Akachukua bisibisi, akafungua kikomeo mbele yao. Safari hii mshale uliruka, ukarudi, ukapita, ukarudi tena. Wajumbe wawili walifumba macho. Mama mmoja nyuma ya ukumbi aliwafunika watoto wake nyuso. Zahoro alingoja mpaka mshale ulipotulia wenyewe kwenye kilo moja.

"Mizani haikudanganya mwanzo wala mwisho," alisema. "Ila aliyesoma mwanzo alisoma kabla haijamaliza kazi. Sista huyu alinizuia nisisome mapema. Aliniogopesha, ni kweli. Lakini ningekwenda nyumbani na cheti hiki, ningemkumbatia mke wangu kwa ruhusa yenu."

Karani Zuhena aliacha kuandika. Alibaki ameshika kalamu hewani, na Ngwilizi ikambidi amwambie mara mbili, "Andika."

Baraza lilikaa faragha hadi alasiri, likatoka na hukumu. Neno bado linabaki marufuku kwa raia wote. Lakini kwa kuwa sheria haimfungi mgeni, na kwa kuwa imeonekana kuwa neno lenyewe lina manufaa fulani ya kiufundi, fundi Zahoro anateuliwa kuwa Msemaji wa Neno Hilo katika Nyumba ya Majibu ya sokoni. Muuguzi Lukia atabaki kazini, mradi yeye mwenyewe asilitamke. Aliyepimwa mapema ahesabiwe hajajibiwa, na aruhusiwe kupimwa tena.

Basi kazi yao ikawa hivyo. Asubuhi Zahoro alitengeneza mizani, mchana alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na Lukia. Mtu alipimwa, Lukia akamwuliza jambo lilitokea lini, na kama muda ulikuwa haujatimia, alimnyooshea Zahoro kidole. Zahoro akasema, "Bado." Kisha Lukia akaendelea na maelezo, maana maelezo hayakukatazwa. Wengine walikasirika. Mzee mmoja alimtemea mate miguuni. Lakini wengi waliuliza, "Nirudi lini?"

Juma lile lile alimwandikia mkewe barua. Hakutafuta maneno mazuri. Alisema alichofanya, alisema hajui afya yake, alisema atajua baada ya miezi mitatu na kwamba hatarudi kabla. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, mistari miwili: "Nimesoma. Kaa huko mpaka siku zitimie, mengine tutayasema uso kwa uso."

Siku ya thelathini Lukia alimpima. Mstari mmoja. "Hii ni habari njema," alimwambia. "Nzuri kuliko ya kwanza. Lakini tumalize miezi mitatu."

Siku ya thelathini na mbili Zahoro akanyoosha tena kidole apimwe. Siku ya thelathini na tano pia. Lukia akaondoa kisanduku cha vitepe mezani na kukifungia kabatini.

"Kaka, kitepe si dawa ya usingizi. Ndani ya siku hizi chache mwili wako haujapata muda wa kusema jipya. Nenda kafanye kazi. Na hiyo shingo iache, unaibinya mpaka inavimba kwa kubinywa."

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu afike nchi ile. Hofu haikwisha, ila aliona kwamba anaweza kuibeba huku akishika bisibisi. Waliokaa kwenye benchi la kungojea nao walibeba yao. Wakazoea kuulizana hali, kila mmoja akitaja wiki aliyofikia.

Ilikuwa wiki ya tisa Zuhena alipoingia, amejifunga kitambaa kichwani. Hakukaa kwenye benchi. Alikwenda moja kwa moja kwa Lukia.

"Nina cheti cha kijani," alisema. "Nilipewa miaka minne iliyopita. Nilipima siku ya sita."

"Siku ya sita baada ya jambo lenyewe?"

"Ndiyo. Sikuuliza tena, kwa sababu nilikuwa na hakika. Siku ile fundi alipofungua kikomeo ndipo nilipohesabu."

Lukia alimpima. Mistari miwili ikatokea, wa pili ukiwa mwekundu wazi kabisa. Zahoro akasimama. "Huenda kimekosea," alisema haraka.

"Kinaweza," Lukia alijibu kwa utulivu. "Mara chache mtu asiye na virusi huonyeshwa mistari miwili. Ndiyo maana hatumwambii mtu kwa kitepe kimoja. Tunauliza cha pili kilichotengenezwa kwa namna nyingine, kisha cha tatu. Vyote vitatu vikikubaliana, tunaamini." Akavitoa. Akafanya cha pili, kisha cha tatu. Vyote vikakubaliana.

Zuhena aliviangalia vile vitepe vitatu vilivyopangwa juu ya pamba.

"Miaka minne," alisema, "nimesaini kila karatasi ya afya kwamba mimi ni mzima. Nilikuwa sidanganyi."

"Hukudanganya, mwanangu," Lukia alisema, akamshika mkono. "Sasa sikiliza. Dawa zipo, unaanza leo. Ukizimeza kila siku, virusi vitapungua mpaka kipimo cha damu kisivione, na vikikaa hivyo hutamwambukiza mtu kitandani. Utazeeka na kunizika mimi."

"Nina mchumba."

"Mlete. Tutamwuliza na yeye ya kwake."

Zuhena alilia, si kwa muda mrefu. Kisha akafungua kitambaa, akajifuta uso, akameza kidonge cha kwanza palepale. Mchumba alikuja siku ya pili, kijana fundi viatu. Kipimo chake kikaonyesha mstari mmoja. Lukia akamnyooshea Zahoro kidole, Zahoro akasema neno lake, na yule kijana akasema atangoja, wote wawili wangoje pamoja.

Siku ya tisini na moja Zahoro aliamka mapema, akaoga, akavaa shati safi. Lukia alimtoboa kidole cha pete. Zahoro hakutazama. Alihesabu mbao za dari, akafika arobaini na tatu, akasikia Lukia anasema, "Mstari mmoja. Zahoro, imekwisha. Huna."

Zahoro akafunika uso. Baada ya muda akainua kichwa.

"Sista, nipime mara moja tu tena. Kile kitepe kingine, cha namna ya pili."

"Hapana."

"Kwa usalama tu."

"Hapana, kaka. Ungekuwa umejihatarisha tena ningekupima. Swali ulilokuja nalo limejibiwa, na limejibiwa kwa wakati wake. Hilo ulilobaki nalo silo langu. Nenda nyumbani."

Alikaa hapo akingoja moyo wake ukubali, ukakataa. Akatoka zahanatini hivyo hivyo, moyo haujakubali, na baadaye alisimulia kwamba ulikubali wenyewe siku ya nne baada ya hapo, wakati anafunga mizigo, bila yeye kuutazama.

Kiti cha mbao kilibaki kitupu siku moja. Siku iliyofuata Zuhena aliondoka Barazani, akaja akakikalia. Mama wa kwanza alipopimwa, Zuhena akasema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, "Bado, mama. Urudi baada ya wiki saba."

Ngwilizi alifika mwenyewe, akiwa na askari wawili. "Wewe ni raia," alisema. "Utashitakiwa."

"Nishitakini, Mheshimiwa. Nani ataandika?"

Wanaomfahamu Ngwilizi wanasema hawakuwahi kumwona akitafuta jibu kabla ya siku ile. Kisha akawaambia askari kwamba mwenendo wa shauri usioandikwa si mwenendo, akarudi ofisini kwake kutangaza nafasi ya karani. Mpaka Zahoro anavuka mpaka hakuna aliyekuwa ameomba.

Alifika Muheza siku ya Jumamosi, saa nane mchana. Mwanakombo alikuwa uani anaanika mpunga. Alimwona, akaendelea kuusambaza kwa mikono mpaka mkeka ukajaa, ndipo akasimama.

"Umepima?"

"Nimepima siku ya tisini na moja. Sina."

Alimwangalia sana, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea mzigo na kuuona una uzito ule ule aliotajiwa.

"Hilo nimelisikia, nashukuru Mungu kwa hilo," alisema. "Maji ya kuoga yapo bafuni. Vitu vyako nimevihamishia chumba cha mbele, utalala huko. Kesho baba na mama yangu wanakuja kula. Sikuwaambia kitu miezi yote mitatu, nilisema una kazi nyingi. Utawaeleza mwenyewe."

"Nitawaeleza," Zahoro alisema.

Mwanakombo aliinama tena kwenye mpunga. Zahoro aliweka begi lake chini, akakunja mikono ya shati, akapiga goti upande wa pili wa mkeka, naye akaanza kusambaza. Mkewe hakumwambia aache.